Neno Alilolirudia Alphonse

Mume wangu Alphonse anajua Kiingereza. Alikipata kwenye shirika moja la wageni, ambako alitunza stoo kwa miaka sita. Shirika lilipofunga, magari yakaondoka, mishahara ikaondoka, Kiingereza kikabaki nyumbani kwetu mtaani Mangobo bila kazi ya kufanya. Nilijivunia hata hivyo, sikatai. Wenzangu pale sokoni ninapouza samaki walikuwa wakisema, Ursule ameolewa na mzungu mweusi, na mimi nilikuwa nacheka kwa kujiona.

Mwezi wa pili simu zikaanza. Kila asubuhi saa mbili anatoka na simu hadi kwenye ukuta wa jirani, ndiko mtandao unakopatikana, anakwenda na kurudi, Kiingereza kitupu. Nilipomwuliza anaongea na nani, akasema Théodore, mwenzake wa zamani wa kazi, sasa yuko Juba, wanasaidiana kutafuta nafasi. Nikamwuliza kwa nini basi wasiongee Kiswahili kama watu. Akacheka, akasema hata nikisimama kando yake sitaelewa kitu.

Neno lile lilinichoma. Mdogo wangu Bibiche, ambaye hana subira hata ya maji kuchemka, alisema hakuna mwanaume anayempigia mwanaume mwenzake kila asubuhi akiwa amechana nywele. Huyo ni mwanamke, alisema, tena wa mbali. Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikaa nikasimama, nikasimama nikakaa. Samaki waliungua jikoni nikiwaangalia kwa macho yangu mwenyewe, na wateja niliwarudishia chenji mara mbili.

Sikumgombeza. Nilikwenda kujiandikisha kwa Monsieur Gédéon, anayefundisha Kiingereza saa kumi alasiri katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Alphonse nilimwambia nimeingia kwaya. Miaka kumi na miwili tuko pamoja, sijawahi kuimba hata nikiosha vyombo, lakini hakuuliza ni kwaya gani. Hilo nalo niliweka moyoni.

Monsieur Gédéon ana desturi yake. Sentensi ya ubaoni lazima iwe ya kweli, na lazima iwe ya nyumbani kwako. Anasema Kiingereza cha uongo hakikai kichwani. Kwa hiyo baada ya majuma machache darasa zima tulijuana mpaka uvunguni: tulimjua nesi ambaye mumewe haoshi miguu, tulimjua fundi cherehani anayeogopa mama mkwe. Juma la tano alichora ngazi. Juu kabisa akaandika always, kila mara. Akashuka na usually, often, sometimes, rarely, hadi chini kabisa, kwenye udongo, never, hata siku moja. Maneno ya kuonyesha jambo hutokea mara ngapi, alisema. Tukaipanda na kuishuka ile ngazi mpaka ndimi zikachoka.

Zamu yangu ilipofika niliandika kwamba mume wangu kila mara yuko kwenye simu. Wakacheka. Monsieur akauliza, anaongea na nani? Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hicho ndicho kilichonileta hapa. Wakacheka zaidi, ila yeye hakucheka. Alinipa chaki nyingine, akaniambia niandike tena, herufi zangu zilikuwa zimepinda.

Kesho yake asubuhi nilichukua ufagio nikafagia karibu na ule ukuta. Nilisikia always mara moja. Nilisikia never mara tatu, safi kabisa, kwa sauti ile ile ya mume wangu. Mengine yote yalipita kama upepo. Never nini? Nilijua mara ngapi, sikujua kitu gani. Nilifagia mahali pamoja mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza pete.

Monsieur Gédéon alinishauri nikisikia never nikamate neno linalofuata, nisikimbilie mengine. Siku nne nilifagia. Siku ya nne nikalikamata, nikalibeba mdomoni mpaka darasani nisije nikalisahau njiani: married. Aliniambia ni mambo ya kuoa na kuolewa. Kuna mtu, basi, anayeambiwa kwamba Alphonse hajaoa hata siku moja. Nilirudi nyumbani. Nilitaka kumrukia palepale, lakini nilijizuia, maana vipande viwili vya maneno angevikana. Nilitaka sentensi nzima.

Alhamisi alivaa shati jeupe, akawapeleka watoto wetu wanne, Gracia na wadogo zake, kwa Bibiche. Akaniambia leo wakubwa wa kazi ya Juba wanamhoji kwa video, na kwamba Théodore amekuwa akimzoeza maswali tangu mwezi wa pili. Kumbe ni kweli! Nilisikia furaha na aibu kwa pamoja, hata lile married nikalisahau, karibu nimwombe msamaha kwa kosa ambalo hata hakulijua.

Ndani ya nyumba mtandao ulishika dirishani tu, na simu ilikuwa ikiteleza pale.

"Mama Gracia, unishikie simu," alisema. "Simama kimya tu. Hawatakuona, na hauna kitu ya kuelewa."

Nikaishika kwa mikono miwili, kioo kikimtazama yeye, mimi nikiwa nyuma ya simu. Sauti ya mwanamke ikasalimu, ya adabu, ya polepole kama ya Monsieur Gédéon. Nilielewa. Alimwuliza husafiri mara ngapi, Alphonse akasema often. Huugua mara ngapi? Rarely. Kisha akamwuliza kama ana familia atakayohitaji kurudi kuiona.

Alphonse aliitazama simu, na juu ya simu palikuwa na uso wangu.

"No, madam," alisema. "I never married. No children."

Hajaoa hata siku moja, wala hana watoto. Akanitupia tabasamu dogo, kunionyesha kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Niliumia. Sitatafuta neno zuri zaidi. Kama angekuwa na mwanamke, ningejua pa kuelekeza hasira yangu. Huyu alitufuta sote watano mchana kweupe, na mkono ulioshika simu ulikuwa wangu. Nilimwangalia akijibu swali lililofuata, kola imenyooka, kola niliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Kisha nikazunguka, nikaketi kando yake kwenye kiti kile kile alichokalia, nikanyoosha mkono mpaka tukaonekana wote wawili.

Yule mama alisogeza uso karibu na kioo. Halafu akauliza, "Alphonse, who is this lady?"

"Rudisha simu," Alphonse alininong'oneza. "Ni maneno ya kazi tu, mama Gracia. Banataka mutu mwenye hana famille."

"Nilisikia byote," nikamwambia. "Sasa anauliza mimi niko nani. Jibu."

Ndipo alipoelewa. Alinitazama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umehamishwa. Jasho lilimtoka puani. Akasema, chini chini, kwamba mimi ni mke wake. Yule mama hakusikia, akamwomba arudie. Akarudia kwa nguvu, na bila kuulizwa akaongeza, "Four children, madam."

Kazi walimpa mtu mwingine. Alphonse hakusema nami siku sita. Siku hizi anakwenda mtoni Ubundu kunichukulia samaki, na darasani kwa Monsieur Gédéon nakwenda bila kutaja kwaya. Samaki wasipouzwa, watoto wakila kwanga, ule mkate wa muhogo, bila kitoweo, naona anavyonitazama, na najua anawaza mshahara ule wa Juba, kwa sababu na mimi nawaza huo huo. Akiniuliza kama ningekubali kuishika tena ile simu nikiwa kimya, nitamjibu hapana. Bado hajaniuliza.