Aliyeomba Jina la Mtumwa

Mama Dionis alikuwa binti wa mtwa, mtawala wa Wabena. Kadege alitekwa vitani akiwa mtoto, akakulia nyumbani kwa mtwa huyo kama mtumwa. Waingereza walipotangaza kwamba utumwa umekwisha, Kadege hakuwa na pa kwenda. Akaendelea kumchotea Mama Dionis maji na kumlimia.

Mwaka 1934, wote wawili wakiwa wameshaota mvi, walianza mafundisho ya ubatizo kwenye misheni moja karibu na Njombe. Tarehe sita Machi, katekista Agustino aliwasimulia habari za watakatifu wa siku hiyo. Perpetua alikuwa mwanamke wa ukoo mkubwa, Felisita mtumwa. Walifungwa gereza moja kwa ajili ya Kristo. Ng'ombe mkali aliyefunguliwa awaue mbele ya umati alipowaangusha uwanjani, Perpetua aliinuka, akamshika Felisita mkono, akamsimamisha. Wakafa pamoja.

"Basi Pasaka," Agustino alisema kwa furaha, "Mama Dionis ataitwa Perpetua, na Kadege ataitwa Felisita."

Kadege akainamisha kichwa. "Mwalimu, hata mbinguni mimi ni mtumwa?"

Mama Dionis alitoka bila kuaga.

Siku tatu hakuonekana darasani. Siku ya nne, ukungu ukiwa umeshuka na baridi inauma, alimfuata Kadege kwenye shamba la viazi, akapiga magoti katikati ya matuta.

"Kamwene," akaanza yeye kusalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kadege aliangusha jembe. "Mama, inuka! Watu watatuona."

"Na watuone. Nimekuja kukuomba lile jina la Felisita. Wewe chukua Perpetua."

"Watakucheka."

"Wacha wacheke. Miaka arobaini unanilimia, sijakuuliza hata siku moja kama umechoka."

Kadege aliitazama mikono yake iliyojaa udongo.

"Nimechoka," alisema, machozi yakimtoka. Kisha akampa mkono, akamwinua.

Pasaka padri aliwabatiza kwa majina waliyoyataka: Mama Dionis akawa Felisita, Kadege akawa Perpetua. Mvua zilipokwisha, Felisita alitaka kumkatia Perpetua sehemu ya ardhi ya baba yake, mbele ya wazee. Perpetua alikataa.

"Asante, dada. Lakini nataka kukaa mahali ambapo hakuna aliyewahi kunituma."

Akachagua Makambako. Asubuhi ya safari, Felisita alimsindikiza mbali sana, mzigo wote ukiwa kichwani pake, akihema kwenye kila mlima. Perpetua alitangulia mikono mitupu, akiimba.