Mvua ya Fusae

Tokuji aliingia ukumbini na viatu vyake mkononi, hata salamu hakutoa. Wakubwa wa chama cha wenye matanuru ya kuchomea vyombo vya udongo walikuwa wamepanga sahani kumi na mbili za zamani, zote zenye picha ileile ya Kijapani, iliyonakiliwa kutoka kwa mchoraji wa kale aliyechapa kwa vibao vya mbao: watu wanakimbia darajani, mvua imewakamata. Zilichorwa kwa mkono na wanawake wa tanuru, kabla wakubwa haohao hawajaleta picha za kubandika na kuwarudisha wanawake majumbani. Marehemu mkewe, Fusae, alikuwa mmoja wao.

"Nataka jina lake liandikwe kwenye kibao cha sahani hizi," Tokuji alisema.

"Mzee wangu," alisema Nagafuchi, katibu wa chama, "nyuma ipo alama ya tanuru. Inatosha."

"Inamtosha nani? Miaka thelathini mke wangu ananakili mpaka sahihi ya mchoraji wa kale, jina lake mwenyewe hata herufi moja! Nyie mkapewa tuzo, yeye mkampa taulo."

Nagafuchi akatabasamu. "Haya, ipi yake? Nionyeshe, naandika leo hii."

Tokuji akaziinamia sahani. Fusae alitumia mkono wa kushoto. Wenzake waliushusha mstari wa mvua, yeye aliupandisha, kwa hiyo mvua yake ilikuwa nene chini, pale brashi ilipoanzia. Kwenye sahani ya tatu mvua ilikuwa nene chini. Hakuangalia mbele zaidi.

"Hii."

Bi Kinuyo, aliyechora meza moja na Fusae, alikuwa akipangusa vumbi. Akasogea, akaitazama.

"Shemeji, hiyo yangu."

"Usinitanie, Kinuyo."

"Yangu. Huyu mwenye mguu mnene, mimi ndiye niliyemharibu. Mvua nilifundishwa na Fusae. Alisema ukiipandisha, brashi haidondoshi rangi. Mwisho meza nzima tukawa tunapandisha."

Tokuji akaangalia zilizobaki. Ya nne, nene chini. Ya sita. Ya tisa. Masikio yakawaka moto kwa aibu.

"Basi mzee, yameisha," Nagafuchi alisema, akifunga daftari.

"Hayajaisha. Lete kalamu." Akamgeukia Kinuyo. "Mlikuwa wangapi mezani?"

"Saba."

"Mzee, kibao hakina nafasi ya watu saba!"

"Kachonge kikubwa. Kinuyo, nitajie majina."

"Fusae..."

"Tutamfikia. Sahani si umesema yako? Anza na wewe."

Tokuji shule aliiacha mapema. Alijua zile herufi nyepesi tu, wanazoanza nazo watoto. Kwa hizo akaliandika jina la Kinuyo polepole, akikandamiza kalamu, Nagafuchi amesimama akimsubiri.