Kopo la Grisi ya Bluu

Mkwe wangu alikuwa ananichimba. Nilijua tangu siku nilipofungua kifuniko cha winchi ya nanga, ile mashine ya kuvuta na kushusha mnyororo, nikakuta boliti zimekazwa kuliko ninavyozikaza mimi. Mwaka wa ishirini na sita huu mimi ndiye fundi wa ile winchi. Kila alasiri, boti yetu ya abiria ikitaka kuondoka, nahodha hupaza sauti toka juu, "Mzee, winchi vipi?" nami humjibu, "Ondoa shaka!" Leo bwana aliyemwoa binti yangu, fundi wa injini, tena kazi nimemtafutia mimi, anaingiza spana kwenye winchi yangu kimyakimya!

Nikapiga hesabu zangu. Imebaki miezi minne nistaafu. Akiiharibu winchi, mnyororo ukafyatuka na abiria mia wako ndani, nani atafukuzwa kama mbwa? Mimi. Nani atapewa nafasi yangu? Jibu mnalo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaanza kujihami. Kopo langu la grisi, ile ya bluu ninayojinunulia mwenyewe, nikalifungia sandukuni, ufunguo nikauvaa shingoni. Mke wangu akanicheka. "Haya, bwana harusi, kidani hicho kakupa nani?" Nikauficha ndani ya shati. Kisha nikafunga uzi mweupe kwenye boliti mbili za kifuniko. Asubuhi naufunga, mchana naukuta umekatika.

Jumapili mkwe alipokuja na binti yangu kula kwetu nilimkagua kucha. Nyeusi.

"Injini inakusumbua?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, baba."

Binti yangu akainuka ghafla kwenda kuosha vyombo, na chakula bado kimo sahanini. Basi, nikasema moyoni, hata damu yangu imo kwenye njama hii. Usiku huo nililala nimeupa ukuta uso.

Jana mchana niliaga kwamba nakwenda kula. Badala yake nikajibana nyuma ya rundo la kamba, hatua tatu toka kwenye winchi, magoti yakilia kama mlango mbovu. Hakuchelewa. Akakata uzi wangu, akafungua kifuniko, akalegeza mkanda wa breki, akatoa tambara mfukoni.

"Mnafiki wewe!" Nikamrukia. Kwa magoti haya, tuseme nilimwendea. "Nimekupa binti, nimekupa kazi, bado unataka kunizika mzima?"

"Baba, tafadhali, punguza sauti. Nahodha atasikia."

"Na asikie! Unapaka nini humo?"

"Sipaki. Nafuta."

Akaninyooshea tambara. Sasa, mkanda wa breki haupakwi grisi. Nilimfundisha mimi mwenyewe, siku yake ya kwanza: gia zipakwe, breki ibaki kavu, la sivyo haitashika mnyororo na boti itakwenda kujipigiza mwambani. Lile tambara lilikuwa limelowa grisi.

"Nani kaip..." Sikumaliza. Grisi ilikuwa ya bluu. Mkono wangu ulikwishafika shingoni, na ufunguo ulikuwepo.

Nakumbuka kufungua sanduku asubuhi. Nakumbuka kufunga uzi. Hapo katikati hamna kitu.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Hii ya sita, baba." Alikuwa anaongea na buti zake. "Mama watoto alisema tusikwambie. Miezi minne si mingi. Tungevuka tu."

Aibu ilikuja baadaye. Kwanza niliogopa. Mara sita, watu mia, na mimi naimba ondoa shaka.

Akausugua mkanda kwa petroli mpaka ukakauka, akaukaza. Nikamshikia boliti akirudisha kifuniko. Abiria walikuwa wameshakaa.

"Mzee, winchi vipi?"

Mkwe wangu akanitikisia kichwa: jibu tu, baba, kama kawaida.

Nikavua ufunguo nikamtia kiganjani.

"Muulize fundi," nikapaza sauti. "Yuko hapa."