Majibu Hutolewa Saa Nne

Dirisha la maabara lilifunguliwa saa nne kamili asubuhi kwa ajili ya majibu. Aliyelifungua alikuwa mwanamke wa makamo ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Sahani, kwa kuwa siku zake zote zilikwisha akiinamia sahani ndogo za plastiki ambamo bakteria huoteshwa ili wajulikane ni wa aina gani. Alikuwa na daftari la kusainisha, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na bunda la karatasi. Aliita majina kwa sauti ya kawaida, na waliokuja kuchukua walikuwa wa namna mbili: ndugu wa wagonjwa, na marehemu.

Marehemu walianza kuja mwaka uliopita. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani aliyefariki Jumanne kwa homa. Majibu yake yalitoka Alhamisi, naye akafika Alhamisi hiyohiyo, shati limenyooshwa vizuri. Aliisoma karatasi yake yote, kisha akauliza, "Hii dawa iliyoandikwa hapa chini, ingeniponya?"

"Ingekuponya, baba."

"Haya, asante." Akaikunja karatasi mara nne, akasaini, akaondoka.

Waliofuata walipanga foleni kama watu wengine. Hawakumsumbua mtu. Mlinzi alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba hawana haraka na wanajaza benchi.

Majibu yalichelewa kwa sababu bakteria haharakishwi. Damu ya mgonjwa hutiwa kwenye chupa ya mchuzi wa kulishia bakteria na kuwekwa kwenye kabati la joto. Mchuzi ukichafuka, tone lake hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Tone jingine huoteshwa sahanini. Bakteria wakishaota hupewa sukari za aina mbalimbali ionekane wanakula ipi, na vikaratasi vyenye dawa ionekane ipi inawaua. Siku nne, mambo yakienda vizuri. Ilikuwapo mashine ya kufanya kazi hiyo upesi. Ilikuwa na miaka miwili ndani ya sanduku lake, nje ya ofisi ya mkurugenzi, ikimsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe.

Jumatatu moja ililetwa damu ya mdogo wake Mama Sahani, kitinda mimba wao, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike siku mbili kabla. Homa ilikuwa imempanda, na dawa ya kawaida ya wodini haikuishusha.

Jumanne mchuzi ulichafuka. Chini ya hadubini Mama Sahani aliona vijiti vya rangi ya waridi, vinene, vimejaa kila upande. Alijua ni ukoo gani, lakini ukoo si jina. Alishuka duka la dawa.

"Dawa unayoifikiria ipo," mfamasia alisema. "Chupa kumi na mbili, naziona kila siku. Lakini kabati lile halifunguliwi bila karatasi yenu yenye jina la bakteria. Nikikisia, kazi sina."

"Ni mdogo wangu."

"Najua, Mama Sahani. Nisingejua ingekuwa nafuu."

Akapanda kwa mkurugenzi, akaomba sanduku lifunguliwe. Mkurugenzi alimpa kiti na maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tukiifungua leo," alisema kwa upole, "siku ya sherehe tutazindua nini?"

Jumatano umeme ulikatika. Jenereta ilipelekwa chumba cha upasuaji, na kabati la joto likaanza kupoa. Mama Sahani alizifunga sahani za mdogo wake kwa utepe wa gundi, akazitia kwenye mfuko, akazifunga tumboni kwa shuka, ndani ya koti lake jeupe, kwa kuwa bakteria wa mwili wa mtu huota vizuri kwenye joto la mwili wa mtu. Akatoka kwenda kukaa nje. Marehemu wawili waliokuwa benchini walimwachia upande wenye jua.

Alikaa hivyo kwa muda wa saa sita. Jioni alipita wodini, zile sahani bado zikiwa tumboni.

"Dada, wadudu wangu wameshasema jina?" mdogo wake aliuliza. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Bado."

"Wamejifanya viziwi, kama baba mtoto nikimwambia aoshe vyombo."

Wakacheka, mmoja kidogo kuliko mwenzake.

Alhamisi sahani zilikuwa zimeota madoa makubwa yenye ute, yanayoteleza kama uji. Ijumaa saa mbili asubuhi, chakula cha kijani cha bakteria kwenye kichupa cha mwisho kilikuwa kimegeuka bluu, alama ya jina lao, na kikaratasi kimoja cha dawa kilikuwa kimewaua wote waliokizunguka. Ni dawa ileile ya kabatini. Mama Sahani aliandika jina, akagonga muhuri, akatoka mbio.

Alikutana na mdogo wake kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili. Alikuwa peku, amejitanda shuka la hospitali.

"Taratibu, dada," mdogo wake alisema. "Usikimbie. Nimekuja mwenyewe."

Mama Sahani alisimama. Alimkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

"Klebsiela," mdogo wake alisoma. "Kumbe ana jina zuri hivi. Na dawa yake?"

"Ipo. Hapo chini."

"Ahaa." Akaendelea kuitazama karatasi. "Mwambie mama, mtoto akishakunywa maziwa amcheulishe. Asimlaze hivihivi."

"Nitamwambia."

"Nasaini wapi?"

Walikwenda pamoja mpaka dirishani. Mdogo wake alisaini, akaifunika kalamu vizuri, akaenda zake. Mama Sahani aliingia ndani, akafungua kabati la joto, akaingiza kichwa, akalia humo, kwa kuwa humo sauti haikutoka.

Wiki iliyofuata ofisi ilibandika tangazo. Kutokana na msongamano, walio hai wangehudumiwa kuanzia saa nne hadi saa tano, na marehemu kuanzia saa tano na kuendelea. Lililetwa benchi jipya, refu, lenye egemeo. Sanduku la mashine lilipanguswa vumbi, na tarehe ya mgeni rasmi ikasogezwa mbele. Marehemu walilisoma tangazo, wakahama benchi bila manung'uniko.

Saa tano na dakika kumi Mama Sahani aliita jina la mtoto wa miaka sita, wa wodi ya watoto, ambaye karatasi yake haikuchukuliwa na mtu saa nne. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, kwa sauti zaidi. Marehemu walitazamana. Mzee mmoja alichungulia nyuma ya benchi, akatikisa kichwa.

"Huyo bado hatuko naye," alisema.

Mama Sahani aliichukua karatasi, akaliacha dirisha wazi, akakimbia kwenda duka la dawa.