Ulimi wa Mama Persida

Siku nilipochaguliwa kuwa mkuu wa ushirika wetu wa ajvar, mama mkwe wangu Persida alinipigia kura, akanikumbatia mbele ya watu, kisha njiani kurudi nyumbani akanionya nisije nikajisahau. "Ukuu wako uishie huko kwenye ushirika," aliniambia. "Nyumbani sufuria ni zangu."

Nikajibu, "Sawa, mama." Sikujua kwamba hata zile za ushirika alizihesabu kuwa zake.

Sisi ni wanawake wa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Leskovac, na kila Septemba kijiji kizima hunukia pilipili hoho nyekundu zinazochomwa. Tunazichoma mpaka ngozi iungue, tunazimenya, tunazisaga, kisha tunazipika kwa mafuta na siki karibu siku nzima, mkono hauachi mwiko. Hiyo ndiyo ajvar. Kila nyumba inaamini yake ndiyo ajvar na ya jirani ni uji. Zamani kila mmoja alijiuzia yake kando ya barabara kuu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anameza vumbi la malori. Tulipoungana tukapewa jiko la shule iliyofungwa kwa kukosa watoto, tukajenga meko sita, tukajiona tumefika.

Kufika wapi! Mnunuzi kutoka mji wa Ljubljana, nje ya nchi yetu, Bwana Tadej, alichukua chupa za kujaribu akazirudisha karibu zote. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, "Bi Zagorka, ajvar yenu ni tamu. Shida ni kwamba kila chupa ni tamu kivyake. Mteja akinunua leo, kesho anataka ileile." Akatupa nafasi moja ya mwisho. Msimu unaofuata angekuja mwenyewe, afungue chupa za kila sufuria mezani na kuonja. Zikifanana, anachukua mzigo wote. Zisipofanana, tusisumbuane tena.

Kwangu haikuwa biashara tu. Baadhi ya wanawake wetu walikwishakwenda Austria kuogesha wazee wa watu, huku wazazi wao wakiogeshwa na majirani. Jagoda, mdogo kuliko wote jikoni, alikwishaongea na wakala. Hakunificha. "Dada Zagorka, mkiuza, nabaki. Msipouza, kufikia Krismasi sipo." Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Nikaapa tutauza, hata kama kijiji kizima kitanichukia.

Nikaanza na mapishi, na kikao cha kukubaliana kilikuwa vita. Stamenka, shoga wa mama mkwe tangu wakiwa wasichana, alisema ajvar bila kitunguu saumu ni chakula cha hospitali. Dragica akadakia kwamba anayetia kitunguu saumu anaficha pilipili zilizooza.

"Za nani zilizooza?"

"Kwani nimetaja mtu? Mwenye lake amejijua."

Ilibidi niwatenganishe. Mwishowe tukapiga kura: kitunguu saumu hapana, biringanya hapana, chumvi kikombe kimoja kwa kila sufuria, na kikombe ni hikihiki. Walioshindwa walinuna, lakini walikubali.

Msimu ulipofika tukapika. Nikaonja sufuria zote sita, nikakuta ladha sita.

Nilichanganyikiwa. Pilipili za shamba moja, mafuta ya pipa moja, kikombe kimoja! Nikapaza sauti, nikawaita wakaidi, nikauliza nani anatuhujumu. Wote wakaapa kwa watoto wao, Dragica akalia, na mimi sikupata jibu hata moja. Kwa hiyo kesho yake niliacha kupika. Nikamkabidhi Jagoda mwiko wangu pamoja na wake, nikavuta kiti mpaka mlangoni, nikakaa kuangalia watu wanavyofanya kazi.

"Unaumwa?" Stamenka akaniuliza.

"Mzima."

"Basi ukuu umekuingia matakoni."

Wakacheka, nami nikacheka, lakini sikuinuka. Kabla ya saa sita mchana nilikwishaona kila kitu. Stamenka alikwenda kuchukua kuni, akapitia sufuria ya Dragica, akashika mwiko, akakoroga kidogo, akadondosha chumvi ya ncha za vidole, akasema, "Mungu aibariki," akaenda zake. Dragica alipokwenda kunawa akamfanyia Jagoda vilevile. Na mama mkwe wangu alizunguka sufuria zote kama padri anayepita nyumba kwa nyumba na maji ya baraka, hapa chumvi, pale siki, kule sukari kijiko.

Kwetu kupita mbele ya sufuria ya jirani bila kuigusa ni tusi. Ni kama kusema unaiombea iungue. Kwa hiyo unakoroga, unatia kidogo, unabariki. Hakuna anayehesabu kwamba ametia chumvi, maana kwake amesalimia tu. Walipoapa kwa watoto wao hawakusema uongo. Hata mimi, nilipoinuka kwenda msalani, nilishtuka nimeshika mwiko wa Dragica na vidole viko ndani ya bakuli la chumvi.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sisi kila sufuria ilikuwa na manahodha sita. Kesho yake asubuhi nikawasimamisha wote. Kila sufuria ina mwenyewe, nikasema, na mwenyewe peke yake ndiye anayekoroga na kutia. Ikiharibika ataulizwa yeye. Anayepita, apite mikono nyuma.

Kisha mama mkwe akasema, "Na mimi?"

"Na wewe, mama."

"Mimi niliyekufundisha kushika mwiko, mikono nyuma?" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hizi mkuu ni mkwe!" Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza mbele yangu. Stamenka akavua ya kwake pia. Wakatoka wameshikana mikono, na sufuria mbili zikabaki bila watu katikati ya msimu.

Nyumbani kahawa ilipikwa ya mtu mmoja, mume wangu Miodrag. Aliinywa akitazama chini kama mwizi.

"Mwachie mama atie kachumvi kake," akaninong'oneza. "Utapungukiwa nini?"

"Nitapungukiwa na Jagoda."

"Basi mimi nahamia kwenye banda la kuku. Huko jogoo ni mmoja."

Sikulegeza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi sikutaka kulia mbele ya Bwana Tadej. Lakini jikoni nilianza kuona jambo jingine. Sufuria nne zilizobaki zilikuwa zinafanana, ni kweli, ila wanawake walikuwa wamenyamaza. Walipita mikono nyuma, macho chini, kama watu waliogombana. Nilikuwa nimewakataza kusalimiana, na mahali pa salamu sikuweka kitu. Na yule aliyejua ladha kuliko sisi sote alikuwa amekaa nyumbani kwa sababu nilichoona kwake ni mikono tu.

Nikamkuta uani akitunga pilipili za kuanika kwenye uzi kwa sindano. Hakuinua kichwa.

"Kama umekuja kuomba msamaha, sema kwa sauti, Stamenka yupo ndani, asikie."

"Sikuja kuomba msamaha, mama. Amri iko palepale."

"Basi umekuja kunitazama ninavyozeeka?"

"Nimekuja kuomba ulimi wako. Mikono sina haja nayo. Kila sufuria ikikaribia kuiva, uonje wewe. Ukisema ndiyo, inaingia kwenye chupa. Ukisema hapana, haiingii, na hakuna atakayekubishia. Lakini hutii kitu, mama. Hata punje."

Sindano ikasimama. "Nikisema hapana, nani atakayeniambia ndiyo?"

"Hakuna."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Stamenka akachungulia dirishani. "Persida, hiyo kazi ni nzuri! Kutukana sufuria za watu ukiwa umekaa!"

"Nyamaza, ya kwako nitaanza nayo," mama mkwe akasema, na nikajua amekubali.

Hakutania. Sufuria yake tulimkabidhi jirani mmoja, na siku ya kwanza alionja ya Stamenka, akatikisa kichwa, akasema siki imezidi. Stamenka akamkumbusha kwamba alimsimamia harusi. "Harusi ilikuwa nzuri," mama mkwe akajibu, "siki imezidi." Ajvar ile ikaliwa nyumbani kwa akina Stamenka. Kazi ikawa ngumu na kelele zikarudi, sasa watu wakipita mbele ya sufuria za wenzao walisema, "Mungu aibariki, na Persida asiione," wakapita na kicheko. Sikuwafundisha maneno hayo. Nilifurahi kuyasikia kuliko sifa yoyote.

Bwana Tadej akaja. Aliketi kwenye meza ndefu, akachagua chupa mwenyewe, moja ya kila sufuria, akakata mkate. Alionja zote, akanywa maji, akarudia kuanzia mwisho. Mimi nilisimama naye, wenzangu wakaendelea kukoroga, maana msimu haungoji mgeni, ila nadhani hakuna aliyejua anakoroga nini.

"Hizi ni za sufuria moja," alisema.

"Ni za sita, bwana."

Akatabasamu, akatoa mkataba akauweka mezani. Kisha akainuka, akaenda mpaka sufuria ya Jagoda iliyokuwa motoni, akaomba kijiko, akaonja. "Nzuri. Ila wateja wangu wanapenda chumvi izidi kidogo. Tia kidogo tu, nione."

Jagoda akanitazama.

"Haitiwi," mama mkwe akasema.

Bwana Tadej akadhani hakusikia vizuri. Akanigeukia. "Mkuu si wewe?"

Mkataba ulikuwa mezani, haujasainiwa. Bakuli la chumvi lilikuwa karibu na mkono wangu. Ingenigharimu chumvi ya ncha za vidole tu, na ningekuwa nimemweka Jagoda nyumbani. Mama mkwe hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anangoja kuona kama maneno yangu ya uani yalikuwa ya kweli.

"Mkuu ni mimi," nikamwambia, "na ladha nimemkabidhi yeye. Nikimruka leo kwa ajili yako, kesho kila mmoja atamruka kwa ajili yake, na mwakani utaturudishia chupa. Unataka chumvi izidi? Ongea naye. Akikubali, tutabadilisha sufuria zote sita kwa pamoja."

Bwana Tadej akageuka, akatoka nje, tukasikia mlango wa gari unafunguliwa. Dragica akajipiga ishara ya msalaba. Mwiko wa Jagoda ulisimama, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumwambia akoroge.

Bwana Tadej akarudi amevaa miwani. "Bila hii sioni pa kusaini," akasema. Akasaini. Kisha akamwinamia mama mkwe kwa adabu. "Na hiyo chumvi, bibi?"

"Mwakani tutaipigia kura. Njoo mapema, utapata kiti."

Gari lilipoondoka watu walikumbatiana, Stamenka akaleta chupa ya rakija, Jagoda akawa analia na kucheka kwa wakati mmoja, amempigia wakala simu hapohapo kumwambia asimngoje. Mama mkwe hakunywa. Alisema pombe inaua ulimi. Akachukua kijiko chake akaanza mzunguko, sufuria kwa sufuria, mpaka akafika kwenye ile niliyoiacha tangu mgeni alipoingia.

Akaonja. Akaonja tena. "Ya nani hii?" akauliza, na alijua vizuri ni ya nani.

"Yangu, mama."

"Imeshika chini. Inanuka moshi. Haiingii kwenye chupa."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sababu nzuri: nilikuwa nahangaika na mnunuzi kwa ajili yao wote, na moshi wenyewe ulikuwa kidogo tu. Jiko zima lilikuwa linanitazama. Nikafunga mdomo, nikachukua vitambaa viwili, nikaiipua sufuria yangu.