Kazi Yangu ya Barabarani

Mwaka wa 1995 nilirudi nyumbani Tseikuru na shahada ya uchumi, na miezi minne baadaye nikapata kazi ya kuketi kando ya barabara kuu ya Mombasa nikihesabu malori. Leo nasema hivyo bila haya. Siku zile mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa nakohoa kwanza.

Aliyeniajiri aliitwa Rahab Gathoni, mjane aliyetoka Murang'a na marehemu mumewe, wakafungua biashara ya mafuta pale Emali. Nyuma ya ofisi yake kulikuwa na matangi mawili ya mafuta taa na moja la dizeli, na wenye maduka kutoka Kalamba, Kabati hadi kwetu Tseikuru walimtegemea kwa taa zao. Serikali ilikuwa imeacha kupanga bei ya mafuta mwaka mmoja tu kabla. Sasa kila mfanyabiashara alijipangia mwenyewe. Bei ikitaka kushuka, unauza haraka. Ikitaka kupanda, unashikilia ulicho nacho. Shida ni kujua inataka nini. Matajiri wa Nairobi walikuwa na jamaa zao bandarini wa kuwanong'oneza. Mama Rahab alikuwa na simu iliyofanya kazi siku mbili kwa wiki, na benchi.

"Hiyo barabara ndio gazeti yangu," aliniambia siku ya kwanza, akinionyesha benchi lenyewe, karibu na kizuizi cha polisi ambapo magari yote makubwa yalisimama. "Lori za mafuta zikipanda nyingi kutoka Mombasa, mafuta iko. Zikipanda kidogo, shida inakuja. Wewe uko na degree. Keti hapo, uwe unaniambia."

Nikaketi. Nilikuwa na daftari, nikachora majedwali, nikachora na mistari ya kupanda na kushuka kama tulivyofundishwa. Kusema kweli niliringa kidogo. Niliona nimeileta sayansi Emali.

Kumbe nilikuwa naonekana. Jonah, mzee wa kanisa letu, alipita hapo akielekea Mombasa kwenye harusi, akaniona kupitia dirisha la basi. Aliona msichana ameketi peke yake mahali madereva wa malori wanaposimama, anakazia macho kila lori linalofika, kisha anaandika. Na sifa za Emali, mji wa madereva na wanawake wanaowangojea, kila mtu anazijua. Aliporudi Tseikuru alisimulia. Hakusema uongo hata neno moja, Mungu ni shahidi. Alisema alichokiona tu, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikomaliza kazi.

Baba yangu, Kiema, alikuwa ameuza ng'ombe kumi na mmoja ili nisome. Watu walimcheka: ng'ombe wote hao kwa sababu ya msichana? Hakuwajibu. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu utotoni ananiita Mwaitu, yaani mama yangu, na huwezi kuacha kumsomesha mama yako.

Alifika Emali siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Ilibaki siku moja tu miezi yangu mitatu ya majaribio iishe. Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwambia Mama Rahab auze mafuta taa yote. Malori yalikuwa yakipanda kwa wingi ambao sikuwahi kuuona, kwa hiyo bei lazima ingeshuka. Tajiri mmoja wa Thika, Muturi, alikuwa anakuja kabla ya adhuhuri kuyanunua yote, matangi mawili mazima.

"Mwaitu," Baba akasema, na tukaendelea kwa Kikamba chetu.

"Baba! Umekuja bila kutuma habari?"

Alitazama benchi, akatazama barabara, akamtazama dereva mmoja aliyekuwa anajinyoosha kando ya lori lake. "Hii ndiyo ofisi?"

"Ofisi iko kule nyuma. Hapa ni..." Nikakosa jina la kupaita hapa.

"Chukua nguo zako. Twende nyumbani."

"Siwezi kuondoka kabla ya jioni, Baba. Ninahesabu."

Lori la mafuta likafika kizuizini, nami, kwa sababu nina kichwa kigumu na nilikirithi kwake, nikageuka nikaliandika. Baba si mtu wa kugombana mbele za watu. Akaketi kando yangu, mikono magotini. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, na sijawahi kumpenda mtu na kumwogopa kwa wakati mmoja kama nilivyompenda na kumwogopa yeye pale. Nilitaka kumwambia Jonah alikosea. Lakini ningeanzia wapi, na Jonah alikuwa amesema kweli tupu?

Mwishowe aliuliza, "Unahesabu nini?"

"Malori ya mafuta yanayopanda Nairobi. Wiki iliyopita, kufikia Alhamisi kama leo, yalikuwa mia moja. Wiki hii, tangu Jumatatu, ni mia moja arobaini na matatu."

Akasonya. Baba hahesabu mifugo yake. Jioni anasimama langoni mwa boma, ng'ombe wanaingia, naye anajua ni nani hayupo, nani anaumwa na nani amechungwa vibaya. Kuhesabu, kwake, ni kazi ya mtu asiyejua wanyama wake.

"Hawajashiba," akasema.

"Nani?"

"Hawa wako. Tazama anavyosimama huyu anayekuja."

Lori likafika kizuizini, likafunga breki, likatulia hapohapo.

"Huyo amekunywa," akasema Baba. "Sasa mtazame yule wa nyuma yake."

La pili likafunga breki. Likasimama. Halafu, lilipokwisha kusimama, likasukumwa mbele kidogo kana kwamba kuna mtu amelipiga kumbo, likarudi nyuma, likayumba tena, ndipo likatulia.

"Huyo tumbo lake ni nusu. Maji yanacheza ndani. Ng'ombe aliyefukuzwa mtoni kabla hajamaliza kunywa yuko hivyohivyo, akisimama tumbo linaendelea na safari." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mtoto njia. "Tangu nikae hapa nimeona wachache sana walioshiba."

Nikaweka kalamu chini. Yaliyofuata yalikuwa saba. Matano yalicheza. Miezi mitatu nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwa malori hayo na sikuwa nimeyatazama hata siku moja; nilikuwa nimeyahesabu tu. Nikaanza kuona kilichokuwa kikitokea Mombasa. Mafuta yalikuwa haba, kila lori lilikuwa likigawiwa nusu, na wenye malori walikuwa wameyaingiza yote barabarani ili kila moja likazoe kidogo. Wingi ule niliouchora kwa mistari yangu mizuri ulikuwa dalili ya njaa. Na gari la Muturi lilikuwa tayari limeegeshwa mbele ya ofisi.

Nilikimbia, Baba akinifuata kwa mwendo wake. Njiani, naungama, nilitunga uongo. Ningesema simu imeingia. Ningesema nimepiga hesabu upya usiku. Mtu anayemaliza majaribio kesho hana haja ya kujivua nguo leo. Lakini nilipoingia na kumwona Mama Rahab ameshika kalamu, na Baba anavua kofia mlangoni nyuma yangu, ule uongo ulinikwama.

"Mama, usiuze," nikasema. "Nilikosea."

Mama Rahab akainua macho polepole. "Asubuhi uliniambia niuze."

"Nilikosea, Mama. Nilihesabu malori, sikuangalia kama yamejaa. Mengi yamebeba nusu. Mafuta hakuna, na bei itapanda."

"Na nani amekuambia?"

"Baba yangu. Ni mfugaji. Ameona vile yanasimama."

Muturi akacheka mpaka kiti kikalia. "Rahab, kwani siku hizi unaongozwa na wachungaji wa ng'ombe? Sign hapo tumalize."

Sikujionea haya mimi, nilimwonea Baba, aliyesimama na kofia yake mkononi akichekwa kwa sababu yangu kwa mara nyingine.

Mama Rahab hakucheka. Alitoka nje, tukamfuata mpaka kizuizini. Akakunja mikono, akatazama lori moja likija, likisimama, likicheza. Akalitazama la pili. La tatu lilipoanza kuyumba alilifuata, akagonga mlango wa dereva. Madereva hawasemi ukweli kuhusu mzigo wao, hilo kila mtu anajua, kwa hiyo hakumuuliza.

"Wewe umebeba nusu," akamwambia.

Dereva akashtuka, kisha akatabasamu. "Nani amekuambia, mathe? Tumepanga laini Mombasa siku nne, na bado wanatupimia nusu-nusu."

Mama Rahab alirudi ofisini na kumwambia Muturi kwamba leo hauzi, hata akiongeza. Muturi aliondoka bila kuaga. Ndipo Mama Rahab akanigeukia, na nikangojea kufukuzwa.

"Miezi tatu," akasema. "Miezi tatu unahesabu vichwa, na mimi nakulipa. Ningeuza leo, wiki ijayo watu wa Kalamba na wa kwenu wangekaa giza na mimi sina hata chupa ya kuwapea." Alivuta pumzi. "Lakini ungeweza kunyamaza, na hukunyamaza. Kesho kuja mapema. Na Jumatatu pia, na hiyo ingine." Akamtazama Baba. "Na wewe mzee, kwani ulikuwa umekuja Emali kufanya nini?"

"Mimi nilikuja chukua huyu," Baba akasema kwa Kiswahili chake kigumu. "Niliambiwa iko barabarani."

"Iko barabarani kweli," Mama Rahab akasema. "Ndio kazi yake."

Tulirudi kwenye benchi, mimi na Baba. Baadaye akaanza kusema, akitazama mbele.

"Nimeishi miaka sitini na miwili, na sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema nimekosea. Wewe umesema mara mbili, mbele ya yule tajiri. Jonah hakunidanganya. Lakini aliponyamaza, maneno yaliyobaki niliyajaza mwenyewe. Mimi niliyekulea. Nimekukosea, Mwaitu."

Nililia tu, palepale, mbele ya polisi na madereva na dunia nzima, na hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza akaniuliza kazi yangu ni nini hasa, nimweleze yote tangu mwanzo, taratibu. Tangu nimalize chuo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza mpaka jua likateremka: bandari, matangi, bei, kwa nini taa ya Tseikuru inaanzia kwenye meli. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyoulizwa chuoni.

Aliondoka Ijumaa. Wiki iliyofuata foleni za mafuta taa zilianza kila mahali, ila kwa wateja wetu. Kisha barua ya mama yangu ikaja kutoka Tseikuru.

Aliandika kwamba Jumapili, wakati wa ushuhuda, Baba alisimama kanisani, yeye ambaye hajawahi kusimama. Alisema hivi: "Binti yangu Nthenya anaketi barabarani Emali, kutoka asubuhi mpaka jioni, akitazama malori. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaijua. Anayetaka kucheka, acheke sasa, nikiwa bado nimesimama."

Mama anasema hakuna aliyefungua mdomo, hata Jonah. Na Baba hakuketi. Alisimama hivyo, akiwatazama mmoja mmoja, mpaka mchungaji akashuka, akamshika mkono, akamwomba aketi.