Buluu kwenye Ndoo ya Wifi

Kiangazi kile jua lilikuwa la kukaanga mawe, na katika uwanja wa jirani zangu, wenye nyumba mbili zinazotazamana, mtu mmoja tu ndiye aliyejiita mwenye maji. Tulimwita Bi Koki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa zuri kuliko hilo, lakini aliyependa kulitamka ni marehemu mumewe.

Mimi dirisha langu linatazama uwanja ule. Si umbea. Fundi mwashi ndiye aliyeliweka hapo.

Katikati ya uwanja palikuwa na tangi kubwa. Maji ya mgao yakija, tangi linajaa, halafu watu wanakaa kuyasubiri tena kama wanavyosubiri mgeni asiyejali ahadi. Koki ya tangi ilikuwa ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo ulikaa kiunoni kwa Bi Koki, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Kila asubuhi alifungua, mapipa madogo yaliyo juu ya mabafu ya nyumba zote mbili yakajaa, akafunga. Kazi hiyo alipewa na mdogo wake wa kiume, fundi cherehani, ambaye Bi Koki ndiye aliyemlea tangu hajui kufunga suruali. Sasa anashona za wenzake.

Na Bi Koki aliyajua maji. Alioga kwa beseni na kopo, akisimama ndani ya beseni hilohilo ili yasipotee. Maji ya kusuuzia nguo alidekia sakafu. Bomba la jikoni likianza kulia tone-tone, alilifungua mwenyewe kwa spana, akabadilisha washa, kile kipete cha mpira cha ndani, akalifunga na kulipiga kofi kama mtoto aliyekoma.

Kilichomchoma roho kilikuwa kitu kimoja: bustani ya wifi yake.

Wifi, mke wa fundi cherehani, alikuwa amelima tuta nyuma ya nyumba ya Bi Koki, penye kivuli cha ukuta wa bafu. Uwanja mzima ulikuwa umekauka hadi kuku walikuwa wanakohoa, lakini tuta lile lilikuwa kijani kibichi. Nyanya, mchicha, pilipili hoho zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Na fundi cherehani, aliyekuwa zamani akisifu mapishi ya dada yake tu, sasa alikaa kizingitini na sahani yake akisema kwa sauti, "Mke wangu ana mkono! Akichomeka kijiti kinaota!"

Bi Koki alisikia.

"Mkono," alinung'unika. "Mkono mrefu, labda."

Kila baada ya siku chache wifi alimletea bakuli la mboga, limefunikwa vizuri. "Dada, pokea. Zako hizi."

"Zangu?" Bi Koki aliangalia lile bakuli kama limemtukana. "Haya, ahsante." Wifi akigeuka tu, mboga zinakwenda kwa kuku. Kuku walinenepa. Bi Koki alikonda. Na aliapa kwamba hatakanyaga nyuma ya nyumba yake mwenyewe, asije akampa wifi raha ya kuonekana anashangaa. Akitaka kuchungulia, alipanda juu ya kigoda na kutazama kwa kidirisha cha bafu, ambako aliona majani tu, hakuona ukuta wake.

Sasa shida ikaja. Tangi likaanza kukauka kabla ya mgao. Fundi cherehani akawaita wote wawili mbele ya kile kisanduku, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Dada, maji yanakwenda wapi?"

"Muulize anayemwagilia msitu."

"Mimi namwagilia kwa kopo, tena alfajiri kabla ya jua," wifi akasema taratibu. "Situmii hata maji ya pipa letu."

"Ya nani basi? Ya mbinguni?"

Wifi akatabasamu, akainamisha macho. Tabasamu lile lilimwingia Bi Koki kama mwiba wa samaki.

"Sikilizeni," fundi cherehani akasema. "Sitaki ugomvi. Nyumba itakayoonekana inapoteza maji, haitashika ufunguo tena. Hata kama ni nyumba ya dada yangu."

Bi Koki akashika kiuno. Ufunguo ulikuwepo. Lakini kwa mara ya kwanza aliuona mwepesi. Mume alikwenda, watoto walikwenda na maisha yao, mdogo wake alikwenda kula kwingine. Ufunguo tu ndio uliobaki ukimfanya mtu agonge mlango wake asubuhi na kusema, "Dada, tunakuomba."

Akaenda kuchunguza. Akapanda ngazi, akachungulia pipa lake mwenyewe: lilikuwa limeshuka nusu, na asubuhi ile alikuwa amenawa uso tu. Akajipiga paja. "Kumbe ananinyonya mimi!" alijisemea. "Ana mpira wake mahali, anavuta kwenye pipa langu nikiwa nimelala."

Ndipo alipokumbuka buluu ya kufulia, ile ya kung'arisha mashuka. Alijaza kwanza mitungi yake maji safi ya kunywa na kupikia, maana hasira yake haikuwa ya kukaa na kiu. Kisha akamimina pakiti nzima ya buluu ndani ya pipa, akakoroga kwa mpini wa ufagio, akashuka akicheka peke yake. Maji yakiibwa, yatakwenda na rangi yake. Mwizi hawezi kuficha rangi.

Kesho yake jua halijapanda alisikia nyuma ya ukuta, "Mama yangu!"

Bi Koki akasahau kiapo chake. Akazunguka nyumba mbio, kanzu imeshikwa mkononi. Wifi alikuwa amesimama katikati ya tuta, kopo mkononi, viganja vimekuwa rangi ya anga. Ndoo miguuni pake ilikuwa imejaa buluu. Nyanya zimeloa buluu. Hata mtoto wa chekechea angejua kwamba mambo yameiva.

"Nimekupata! Mwizi! Mdogo wangu! Njoo uone mkono wa mkeo! Ulisema una nini ule mkono? Una buluu!"

Fundi cherehani akaja na sindano mdomoni. Majirani wakatoka. Mimi nilikuwa nimeshatoka zamani.

"Buluu ni yangu," Bi Koki alitangaza, akipumua kwa shida. "Nimeitia kwenye pipa langu. Mbona iko kwenye ndoo yake? Ajibu!"

Wifi hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyepokonywa kitu. "Dada," alisema polepole, "kwani wewe hukujua?"

"Nijue nini?"

Wifi akanyoosha kidole chake cha buluu kwenye ukuta.

Pale juu, chini kidogo ya kidirisha cha bafu, kibomba chembamba kilikuwa kimetokeza nje. Ndicho kinachotoa maji ya ziada, tangi la choo likizidi kujaa. Kilikuwa kinatiririka. Buluu. Chini yake, ukuta ulikuwa na mstari wa ukungu wa siku nyingi.

Fundi cherehani akaingia bafuni kwa dada yake, akafunua tangi la choo. Boya, lile puto linaloelea na kuzuia maji, lilikuwa limepasuka na kuzama kama jiwe. Maji yalikuwa yanaingia bila breki na kutokea kwenye kibomba, usiku na mchana. Mabomba yote ya nyumba ile Bi Koki aliyapiga msasa na spana, isipokuwa tangi la choo. Choo hakikulia tone-tone, kwa hiyo hakikupata kofi.

Wahenga wana methali ya nyani hapa. Lakini mimi nimelelewa vizuri, sitaimaliza.

"Nilidhani unanimwagilia makusudi," wifi akasema, sauti imeshuka. "Nilijua hutaki kuonekana. Nikasema, dada ana maneno makali lakini moyo wake uko huku nyuma. Ndiyo maana nilikuwa nakuletea mboga. Nilikwambia ni zako."

Kuku mmoja mnene akapita.

Bi Koki mwenyewe ndiye aliyefungua ile kamba ya kiatu. Mdogo wake hakuthubutu kuinua mkono. Bi Koki aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha buluu cha wifi yake, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Mlango wa Bi Koki ukifungwa taratibu ujue kuna msiba.

Boya jipya likawekwa siku ileile. Kibomba kikakauka. Na tuta, siku hadi siku, likaanza kulegea. Bi Koki alilitazama kutoka kwenye kigoda. Ungedhani atafurahi. Lakini fundi cherehani sasa alikuwa akikaa kizingitini na kusema, "Pole, mke wangu. Pole sana," kwa ile sauti ambayo zamani alimpa nayo pole dada yake. Wivu ulimrudia mpya, umeoga.

Asubuhi moja alikusanya maji yake ya kusuuzia vyombo, akapanda kigoda, akafunua tangi la choo, akachomeka kipande cha mpira kwenye mdomo wa kile kibomba ulio ndani ya tangi, akamimina kwa faneli.

Sauti ikatoka nje: "Ahsante, dada."

"Ahsante ya nini? Boya limeharibika tena."

"Ndiyo, dada. Haya maboya ya siku hizi."

Siku ya mgao, Bi Koki aliamka akakuta ufunguo juu ya dirisha la jikoni kwake. Alifungua koki, akaisikiliza hadi mapipa yakajaa, akafunga, akaurudisha dirishani. Ikawa hivyo. Fundi cherehani hadi leo anajua ufunguo uko kiunoni kwa mkewe, na akiuliza, mkewe hupiga kiuno kofi na kusema upo.

Jana nilimwona Bi Koki juu ya kigoda, shingo nje ya kidirisha, anaikodolea nyanya moja kubwa, nyekundu, inayokaribia kupasuka.

"Tazama inavyojidai," alisema kwa chuki.

Kisha akashuka kufuata ndoo nyingine ya maji.